Maneno ya Mtoto Niliyompa Mwigizaji

Jumatano, mwezi wa tisa.

Upepo umeanza tangu alfajiri na haujapumzika. Vumbi la huku kwetu Mkonze limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimefunga madirisha na ninaandika, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia haya bila kuanza kujitetea.

Mnaonisoma siku zote mnajua nina kazi mbili. Siku za kazi mimi ni mwanasaikolojia wa watoto kwenye kituo kidogo hapa mjini. Jioni na mwisho wa wiki naandika maigizo ya kikundi chetu, tunayapeleka mashuleni na vijijini. Kwa miaka mingi nimejisifu kwamba kazi hizi zinasaidiana. Nimesimama kwenye semina nikasema, kwa madoido yote, kwamba mchezo unamfungua mtoto pale ambapo maswali ya watu wazima yameshindwa. Watu wakapiga makofi.

Napenda makofi. Bora niliseme mapema.

Mwezi wa tano nililetewa msichana wa miaka minane. Nitamwita Tatu. Mdogo wake alikufa maji kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe siku ambayo Tatu ndiye aliachiwa kumwangalia. Hakuna aliyemgombeza. Lakini tangu siku ya mazishi alinyamaza, nyumbani na shuleni, akabaki kuitikia kwa kichwa.

Mimi simlazimishi mtoto kusema. Nakaa naye kwenye mkeka, natoa kuku na vifaranga nilivyovishona mwenyewe kwa mabaki ya vitenge, na tenga dogo la kuwafunikia. Kila Ijumaa Tatu alichagua kifaranga kilekile, akakifunika kwa tenga, akaweka kiganja juu na kukandamiza mpaka mkono ukawa unatetemeka. Wiki sita alifanya hivyo bila kutamka neno.

Wiki ya saba kuku wake aliongea. Ilikuwa sentensi moja tu, kwa sauti ya chini sana. Kuku alimweleza kifaranga yeye mwenyewe kuku alikuwa anafanya nini wakati kifaranga kinazama. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la kitoto kabisa, mtu mwenye akili zake asingemlaumu. Lakini Tatu alikuwa amelibeba peke yake tangu msibani, na hata mama yake hakulijua.

Sentensi yenyewe siiandiki hapa. Nimeshaitumia vya kutosha.

Kuanzia hapo alikuwa anaongea na mimi kila Ijumaa, kidogo kidogo. Nyumbani bado kimya. Tukapatana kwamba siku atakayokuwa tayari atamwambia mama yake mwenyewe, na mimi nitakaa pembeni yake. Tulishaanza mazoezi: kuku mdogo anamweleza kuku mkubwa. Mara mbili alifika katikati, akasita, akacheka kwa aibu. Nilikuwa na uhakika mwezi wa nane hautaisha kabla hajaweza.

Wakati huohuo kikundi kiliombwa igizo kuhusu watoto wanaoachiwa kulea watoto wenzao. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Onyesho la tatu la igizo hilo lilikuwa limekufa, halina pumzi. Jioni moja nikaiweka mle sentensi ya Tatu, kwa majaribio tu, na onyesho lote likasimama.

Nilibadilisha jina. Msichana nikamfanya mvulana, bwawa nikalifanya kisima. Nikajiambia Tatu hayumo tena humo. Sentensi na tenga nikaviacha, maana nilipojaribu kuviondoa nilibaki na hotuba ya kuwafokea wazazi. Hata hapa nimebadilisha mambo kadhaa, na ninajua kabisa kwamba na kule nilijipa moyo hivihivi.

Tuliliigiza kijijini Ihumwa, Jumamosi moja mwezi uliopita. Hamisi, mwenzangu anayeongoza kikundi, alikuwa amealika akina mama wa ngoma wafungue shughuli. Sikujua mama yake Tatu ni mmoja wao. Nilimwona anashuka kwenye lori na ngoma yake, amejifunga kibwebwe. "Mbukwenyi, dokta!" akanisalimia kwa mbali, kwa Kigogo, huku anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Nyuma yake alikuwa Tatu, ameshika upindo wa khanga.

Nilikuwa na muda.

Akina mama walipiga ngoma karibu nusu saa. Mwigizaji alikuwa nyuma ya turubai, hatua chache kutoka nilipokaa. Ningemwambia tu, ule mstari uruke, na angeuruka bila kuuliza. Niliinuka, nikaenda mpaka nyuma ya turubai. Nikamtengeneza ukosi wa shati, nikamtakia heri, nikarudi kukaa.

Kituoni nimemweleza mkuu wangu kwamba nilichanganyikiwa, wageni walikuwa wameshakaa, nilidhani mtoto hatatambua. Ni uongo wote. Nilitaka kuisikia ile sentensi ikisemwa mbele za watu.

Ikasemwa. Mwigizaji akaweka kiganja juu ya tenga, akakandamiza, kama nilivyomfundisha. Tatu hakutazama jukwaa, alinitazama mimi. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Mama yake, ngoma bado ameibana mapajani, alitazama kule mbele, akamtazama binti yake, na nikaona anaelewa. Akaiweka ngoma chini, akambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, wakaondoka kwa miguu kufuata reli. Nyuma yao watu walikuwa wanafuta machozi na kupiga makofi. Hamisi alinikumbatia, akasema hatujawahi kupata siku kama ile.

Ijumaa zilizofuata Tatu aliletwa kama kawaida. Anakaa mkekani ameelekea ukutani. Kuku na vifaranga hagusi. Mimi niliyezoea ukimya wa watoto, niliyejidai naufahamu, nashindwa kukaa na ukimya huu. Ule wa mwanzo haukuwa na mimi ndani yake.

Jana Hamisi alinipigia, tumealikwa Kibakwe. Nikamwambia onyesho la tatu nalitoa kwenye igizo. "Dada, ukilitoa hilo tunabaki na nini?" Nilimwambia basi tusiende. Amekasirika, na simlaumu, yeye hajui maneno yale niliyatoa wapi. Aliniamini mimi kuwa ndiye mwandishi.

Leo asubuhi mama yake Tatu alikuja peke yake. Nilimwona kupitia dirisha anavuka uwanja, khanga ameifunika usoni kwa ajili ya vumbi, na nikafurahi. Nilidhani amekuja kunitukana. Nimesubiri kutukanwa tangu siku ile; nikitukanwa ningeweza hata kulala.

"Sijaja kugombana, dokta," akasema, akakaa. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kwa namna ya kusema hilo liishe.

"Nimemwambia Tatu sina neno naye. Nimemwambia hata mimi nikiwa mdogo ningefanya vilevile. Hanijibu, dokta. Ananigeuzia mgongo." Akakung'uta vumbi kwenye khanga. "Kumsikia ulimsikia wewe tu. Mimi nimemsikia yule kijana wenu. Sasa nieleze, alivyokuwa anakwambia, alikuwa analia?"

Hicho ndicho alichokitaka. Amepanda gari kutoka kwake mpaka hapa, na upepo wote huu, aje aulize uso wa mwanawe ulikuwaje siku ile.

Na mimi sikumbuki.

Nimelifikiria siku nzima. Nakumbuka kiganja. Nakumbuka tenga lilivyolia lilipobonyea. Nakumbuka sentensi, neno kwa neno, na mahali alipovuta pumzi. Nakumbuka pia nilichowaza papo hapo, kabla hata hajamaliza: hili jukwaani litatisha. Uso wake sikumbuki. Nilikuwa nimekaa naye ana kwa ana, magoti yetu yanakaribia kugusana, mtoto anasema kwa mara ya kwanza tangu amzike mdogo wake, na mimi sikuwa namtazama.

Nikamjibu mama yake, "Hapana, hakulia. Alisema kwa utulivu." Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Aliondoka na uongo wangu, na najua ameufikisha nyumbani.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua kituo, nitampigia nimwambie sijui kama mwanawe alilia. Nimeliandika hapa ili nisipate pa kukimbilia.