Mtahini Mstaafu Kwenye Meza ya Briji

Tarehe 3 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini kazi za huko hazikuonei. Sisi hatujambo, ila goti langu, ambalo lilistaafu kabla yangu.

Kustaafu nako ni kazi, tena haina likizo. Maisha yangu yote nimekaa kiti cha abiria nikiwatahini madereva, na sasa sina wa kumfelisha. Mama yako akanionea huruma, akanipeleka klabu anakocheza briji kila Alhamisi. Ni karata za watu wanne, wawili kwa wawili. Kwanza mnanadi, yaani mnaahidi mtashinda mizunguko mingapi. Kisha mmoja wenu anacheza, na mwenzake analaza karata zake mezani na kukaa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonishinda. Mama yako akitoa karata, mimi, "Hapo ungesubiri." Alhamisi iliyopita akaniambia taratibu, "Mzee, mimi sikuja kuomba leseni." Sasa anacheza na daktari wa meno. Mimi nawachemshia chai.

Baba yako

Tarehe 14 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi mzima. Nilicheka sana, kisha Mama akanipigia simu na hakukutaja hata mara moja. Yeye, ambaye hata habari za mvua hukutia ndani.

Baba, mimi nilifundishwa kuendesha gari na Mjomba, na hukuwahi kuuliza kwa nini. Mwombe Mama mrudiane mezani. Ukishalaza karata, uma ulimi. Ukiwa na neno, liseme nyumbani, tena liwe swali.

Binti yako

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimemwomba. Kasema ana mwenzake tayari.

Baba yako

Tarehe 9 Juni

Shikamoo Baba,

U hali gani? Mwombe tena. Safari hii usimweleze kwa nini anakuhitaji.

Binti yako

Tarehe 21 Julai

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, na wewe uwe hivyo hivyo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa sina la kukuandikia.

Siku ya mashindano daktari wa meno alikuja na dada yake, mchezaji hodari, wakacheza pamoja. Mama yako akabaki bila mwenzi. Akanitazama nilipo na birika. "Haya, njoo."

Mchezo wa mwisho ulikuwa dhidi ya hao wawili. Turufu, yaani aina inayozishinda nyingine zote, ilikuwa shupaza. Nikalaza karata zangu, nikanyamaza. Daktari, aliyekaa kulia kwa mama yako, akatupiga kwa ree, ile karata kubwa kuliko zote, na mfalme wa kopa, kisha ree ya uru. Tukipoteza mzunguko mmoja zaidi, tumekwisha. Mama yako akaita shupaza ndogo kutoka kwangu, daktari naye akatoa ndogo. Mkononi alikuwa na ree na malkia, mfalme hajulikani yuko kwa nani. Mimi ningetoa malkia, nikiamini mfalme yuko kwa daktari, ambaye alishatoa karata yake, hivyo malkia angepita. Nilikaza meno hadi taya likauma. Akatoa ree. Kwa yule dada mfalme akaanguka, maana ndiye shupaza pekee aliyokuwa nayo, tukashinda.

Nilitafuta kosa njia nzima, sikuliona. Nyumbani nikauliza, "Ulijuaje?"

"Daktari ndiye aliyeanza kunadi, akapasi, hakuahidi kitu. Halafu akatuonyesha ree mbili na mfalme. Angekuwa na mfalme mwingine, asingenyamaza. Basi mfalme wa shupaza yuko kwa dada yake, na dawa ni kuomba awe peke yake."

Nikamwuliza kama anaweza kunifundisha kuhesabu hivyo.  Alisogeza sare za wateja alizokuwa anashona, akapata nafasi mezani, akagawa karata.

Baba yako