Nilizichemsha nyuzi za besi ya Mutiso

Alhamisi, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Nimepangusa meza mara mbili, nikaacha.

Jumamosi mume wangu Mutiso atakuwa ametimiza mwaka tangu atutoke. Wenzake wa bendi watakuja hapa nyumbani. Tutaomba, tutakula, halafu watapiga nyimbo zao. Gitaa lake la besi litapigwa na Parsaloi wa Kajiado, ambaye walianza muziki pamoja wakiwa vijana. Mimi sijui muziki. Nilitaka kitu kimoja tu: watu waisikie besi ya Mutiso mara moja tena, ile ya zamani, nzito na fupi, kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa ngumi.

Basi Jumanne nikaamua kulisafisha gitaa. Nyuzi zilikuwa nyeusi na zinanata. Niliona aibu, watu wasije wakasema nimeacha vitu vya marehemu vioze. Kwenye simu nikapata video ya mtu anayefundisha kwamba nyuzi kuukuu huchemshwa. Nikazifungua moja moja, nikazikunja ndani ya sufuria ya ugali, dakika kumi. Maji yakawa kama chai ya mkandaa. Nikayamwaga nje, nikazianika nyuzi kwenye kamba ya nguo.

Nakiri nilifurahi. Zilikuwa zinang'aa.

Jana nilizipeleka Kajiado pamoja na gitaa. Parsaloi alinisalimia kwa Kimaasai, supa, akanipa kiti, akazirudisha nyuzi mahali pake na kuzikaza. Kisha akapiga moja. Ikalia kama kengele ya shule, ikaendelea kulia. Akaizima kwa kiganja. Akaniuliza kama nimenunua mpya. Nikamwambia ni zile zile, ila nimezichemsha.

Akaziangalia nyuzi tena.

"Shemeji," akasema, "umemchemsha Mutiso."

Akacheka. Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Alinieleza kwa upole. Nyuzi hizo zilikuwa kwenye gitaa miaka kumi na tisa. Zimezungushiwa waya mwembamba, na katikati ya waya kuna vijifereji. Vijifereji hivyo vilikuwa vimejaa jasho na mafuta ya vidole vyake, ndiyo maana sauti ilikuwa nzito na haikukawia kufa. Uchafu ule ndio uliokuwa besi yenyewe. Nikauliza kama unaweza kurudi. Akasema unaweza, baada ya miaka kumi na tisa.

Sweta ya Mutiso iko kwenye mfuko wa plastiki, nimeufunga fundo, na mwaka mzima sijaifua ili isipoteze harufu yake. Halafu jasho lake nimelimwaga karibu na ngazi ya mlango wa jikoni.

Nimeshindwa hata kulia. Nimekaa tu.

Parsaloi akaniambia na lingine. Kabla ya kupiga, Mutiso alikuwa anakula mbavu za mbuzi, halafu anaenda moja kwa moja kwenye gitaa bila kunawa. Alisema mafuta ya mbuzi wa Kajiado hayana mpinzani. Nami miaka yote hiyo nilikuwa namuuliza, umenawa? Naye ananiangalia machoni, nimenawa, Mama Mwende.

Mume niliyemjua hakuwahi kunidanganya.

Leo nimeenda na gitaa kwenye duka la ala za muziki hapa mjini. Muuzaji alinitandazia aina tatu mezani. Za kwanza zilikuwa kama zile nilizochemsha. Akasema zinapendwa na vijana, ila zikiwa mpya zinapiga kelele. Za pili zimevikwa nailoni nyeusi, sauti yake laini, kama iko chini ya blanketi. Za tatu anaziita flati. Waya wake ni bapa, ukipitisha kidole hukwaruzwi, na hata zikiwa mpya zinatulia kama za bendi za kale. Akauliza anayepiga anapenda sauti gani. Nikajibu kwamba mume wangu anapenda nzito na fupi. Nimesema "anapenda", na sikujirekebisha.

Nikachukua flati. Alizifunga kwenye gitaa, akaweka kipande cha sponji chini yake karibu na mwisho wa gitaa, ili sauti isikawie. Nikampigia Parsaloi, nikaisogeza simu kwenye spika, muuzaji akapiga noti chache.



"Huyo si yeye," Parsaloi akasema. "Lakini ni mtu wa kwao."

Nililia hapo hapo dukani. Muuzaji akageuka, akajifanya anapanga kebo.

Kabla ya kukata simu, Parsaloi akasema kilichobaki ni kazi ya mbuzi. Jumamosi atakula mbavu, na ataenda kwenye gitaa na mikono ile ile.

Mimi ndiye mwenye nyumba. Baada ya chakula nitashika jagi na beseni, nizunguke kwa kila mgeni nikimmwagia maji, kama nilivyofundishwa na mama. Maisha yangu yote sijawahi kumpita mtu.

Nikimfikia Parsaloi, nitaweza kumpita?