Kadi Zilizolala Kliniki

Wusi,
Jumatano jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Noah,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Taveta, na baada ya salamu nakujulia hali. Je, malaria imekuachilia? Immaculate anasema ulikonda mpaka suruali unaifunga kwa kamba ya katani. Kula, kaka. Ndizi zote hizo unazozimwagilia maji si za kuuzia watu wa Mombasa peke yao. Sisi huku mlimani tunapumua. Mama anatembea na kulalamika kama kawaida yake, kwa hiyo ni mzima. Presha imempanda lakini tembe anameza nikimsimamia. Ng'ombe amezaa dume tena, sijui tumemkosea nini.

Najua utashangaa kuletewa barua, siku hizi ambapo hata mama anatuma ujumbe wa sauti. Simu yako umeizima tangu Jumapili. Hata ungeiwasha nisingekuandikia kwa simu, maana ujumbe wa simu wa maneno tisa ndio uliotufikisha hapa. Immaculate anakuja huko kesho alfajiri kununua ndizi, na nimemwapisha akupe bahasha hii mkononi. Isome yote mpaka sahihi kabla hujashika kitu chenye makali.

Dada yetu Elsie yu hai. Baba mdogo Sylus alipokupigia alilia mpaka ukadhani tumeshamzika, nami sikulaumu. Bado yuko hospitalini Voi. Kichwa kimeshonwa nyuzi ishirini na mbili, na bega limeanza kushika. Mkono wa kushoto haupo, Noah. Aliuinua kukinga kichwa, panga likaupitia juu ya kifundo na kubakisha ngozi tu, na daktari akamalizia. Jana nilimlisha uji, akaniuliza kama kunde zake zimevunwa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu uliyoyasikia yamepita midomo mingi na kila mdomo umetia chumvi yake. Jumanne ile, wiki mbili zilizopita, shemeji yetu Gibson alikuwa kazini Mwatate, kwenye mkonge. Saa nne asubuhi simu yake ikalia. Ujumbe ulisema hivi: Mpendwa Elsie, sindano yako ya kupanga uzazi ni Jumatano. Aliusoma mbele ya wenzake, na mmoja akacheka. Wewe unajua jinsi Gibson alivyomngoja mtoto wa kiume. Miaka mitatu wanaume wanamtania kwamba bunduki imeishiwa risasi. Miaka mitatu anampeleka Elsie kuombewa na kumnunulia dawa za mizizi, na Elsie anazinywa na kunyamaza. Alipomzaa yule binti wa nne alivuja damu mpaka godoro likalowa, na nesi akamwambia wazi kwamba mimba nyingine itamzika. Alijaribu kumweleza mumewe. Gibson akasema mwenye kutoa uhai ni Mungu, si nesi.

Gibson alichukua pikipiki akarudi nyumbani. Haya nimeyapata kwa Susan, mtoto wao mkubwa, ambaye siku hiyo hakwenda shule kwa sababu ya mafua. Ameniambia kwa sauti ya mtu anayesoma jedwali la hesabu. Baba yake alimkuta mama yake kizingitini akimenya muhogo. Akamwonyesha simu na kumwuliza kama ni kweli. Elsie akasema si kweli. Akamwuliza tena, akasema ni kweli. Gibson akaingia ndani polepole, kama mtu anayekwenda kuchukua kiti. Pigo la kwanza lilikuwa la bega, la pili la kichwa, la tatu lile la mkono. Elsie alikimbia akiwa bado ameshika kisu cha muhogo mkono wa kulia, wala hakukumbuka kukitumia. Aliangukia kwenye kunde. Majirani walipofika, Gibson alikuwa amekaa kizingitini, panga mapajani, akimwonyesha kila anayekuja ule ujumbe na kusema someni, someni wenyewe. Nao wakausoma. Waliusoma kwanza, kaka, ndipo wakamkimbilia dada yetu.

Polisi walimchukua Gibson, na kesho yake hasira ya watu ikawa haina mtu wa kumshukia. Umati ukaja kliniki kwetu. Sista Kalondu unamfahamu, yule nesi Mkamba wa Mbololo aliyemzalisha Elsie mara zote nne. Walisema ni mgeni aliyekuja kuwafunga kizazi wake za watu, halafu akishawafunga anawatangaza kwa simu. Ukitafuta akili kwenye umati utarudi mikono mitupu. Baba mdogo Sylus alikuwa mbele na mpini wa jembe. Walimtoa Sista chumba cha chanjo wakamburuta uani kwa nywele. Walimpiga mipini, wakampiga mateke, wakamkanyaga vidole. Walimwuliza kama ni yeye aliyemdunga Elsie sindano, akasema ndiyo, na angemdunga tena leo. Jiwe likampata jicho la kushoto. Jicho hilo halitaona tena.

Walivunja kompyuta. Walichoma chumba anachokaa nyuma ya kliniki, nguo, kitanda na Biblia vyote. Daktari Tom, mwenye kliniki, alikuwa amekwenda Voi. Mimi nilikuwa ofisini kwangu. Kitu kimoja tu ukutani hakikuguswa, nacho ni kile cheti kipya cha serikali, pamoja na kioo chake.

Ndipo Jumapili ukampigia mama simu. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako, kwamba Sista Kalondu amekula ugali wetu, akabeba siri ya dada yetu akaiuza. Ulisema panga umeshalinoa, na Jumamosi utapitia Mbololo kwa wazazi wake, ambako amejificha, ukamalize kazi ambayo baba mdogo aliiacha nusu. Mama akaitikia amina. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, nikayasikia yote.

Kaka, lazima nikueleze habari ya cheti hicho. Krismasi ulinitania kwamba kazi yangu ya rekodi ni kukaa na kubofya. Basi kubofya kwenyewe ni huku. Serikali ilitaka kliniki ziache faili za karatasi. Atakayeingiza wagonjwa wake kwenye mfumo uliokubaliwa, akakaguliwa na kupita kabla ya mwisho wa Juni, angelipwa na bima bila kuzungushwa, tena angepewa tableti na intaneti ya bure mwaka mzima. Atakayechelewa akae kwenye foleni. Daktari Tom aliniita akaniambia kwamba tukipata cheti, mimi kibarua wa miaka minne nitaandikwa kazi ya kudumu. Masharti yalikuwa kurasa na kurasa, ila yaliyotubana ni mawili. Wagonjwa tisa katika kila kumi wawe na namba ya simu. Na kila mmoja awe ameweka sahihi yake mwenyewe kwamba amekubali kutumiwa ujumbe. Hili la pili, ukilitazama vizuri, liliwekwa kumlinda mtu kama Elsie.

Juni ikaingia nikiwa na sita kwa kumi. Wanawake wetu wengi hawana laini zao, na wenye laini hawazijui namba kwa kichwa. Nikajiona mjanja. Nilikwenda kanisani nikaazima daftari la ahadi za harambee ya paa. Humo kila nyumba imeandikwa, na kando yake namba ya mwenye nyumba. Nikazihamisha zote kwa siku tatu, huku nikiimba. Pale pa kukubali nikaweka tiki kwa kila mtu, maana nani angepanda na kushuka milima hii kutafuta sahihi? Wakaguzi wakaja, wakatazama, wakanipigia makofi. Hata soda walininunulia.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi wanaume hamlijui. Kwa Sista Kalondu, mwanamke anayejificha haendi na kadi nyumbani. Kadi yake inalala kliniki, ndani ya kopo la biskuti chini ya mizani ya watoto, na pembeni ina nukta ya wino mwekundu. Maana ya nukta hiyo ni usipige simu, usitume mtu, usimwulize barabarani. Zilikuwamo kadi thelathini na saba. Sista alinikabidhi kopo hilo yeye mwenyewe, akanieleza maana ya nukta, akaniomba kadi hizo zibaki karatasi mpaka azungumze na mwanamke mmoja mmoja. Lakini mfumo hauna mahali pa kuweka nukta nyekundu, na bila zile thelathini na saba nisingefika tisa kwa kumi.

Noah, ni mimi. Sista hakuuza siri ya mtu. Nilishika kadi ya dada yangu wa tumbo moja, nikaiona nukta, nikajua ni ya nini na inamficha kwa nani. Namba ya Gibson sikuhitaji hata kuitafuta kwenye daftari la kanisa, ninayo kichwani. Nikaiandika. Nilijiambia nitaifuta wakaguzi wakishaondoka. Wakaondoka, nikasahau, kwa sababu nilikuwa dukani Mwatate nikichagua kitambaa cha kushona sare yangu ya kazi ya kudumu. Siku chache baadaye mfumo ukaanza kutuma wenyewe.

Na nilipokuambia kwamba nilikuwa ofisini, sikumaliza. Nilikuwa nimejifungia kwa ufunguo. Dirisha langu linatazama uani. Walipomwuliza Sista ni nani aliyeutuma ule ujumbe, aliinua uso, damu ikimwingia mdomoni, akanitazama. Alijua. Kliniki nzima anayeugusa mfumo ni mimi peke yangu. Angetaja jina langu wangemwacha na kuvunja mlango wangu. Alisema hajui. Ndipo likaja lile jiwe, na mimi nimesimama nimeshika ufunguo. Naona aibu, Noah. Naona aibu hata kuosha uso asubuhi.

Jana baada ya uji nilimwambia Elsie yote. Nilitaka anitukane, anitemee mate, nipate kupumua. Yeye akaniuliza, na wale wengine? Kaka, kwa wiki mbili nzima nilikuwa sijawafikiria hao wengine thelathini na sita. Mfumo haukai kwenye ile kompyuta iliyovunjwa. Uko mbali huko, na haukuacha kutuma. Niliporudi jana jioni nilimwomba Daktari Tom tableti nikafuta namba zote za kopo lile, lakini jumbe nyingine kumi na moja zilikuwa zimeshakwenda. Leo nimeshinda nikipita nyumba hizo kumi na moja na mche wa sabuni mkononi, nikijifanya nauza, nikimwambia kila mwanamke jikoni mwake. Wanane waume zao hawakuelewa ujumbe, au hawakuusoma. Wawili wamepigwa, mmoja amevunjwa taya na aliwaambia watu kwamba aliteleza mtoni. Mmoja sikumkuta, na mama mkwe wake alinifungia mlango. Nitarudi kesho.

Ijumaa asubuhi nashuka Mwatate kituo cha polisi kuandika taarifa. Daktari Tom amenisihi ninyamaze, anasema cheti kitafutwa na tutapoteza kila kitu. Kifutwe. Nimemwambia mbele ya wagonjwa wake, na nilipaza sauti ili wasikie.

Usiende Mbololo, kaka yangu. Yule mama amebaki na jicho moja kwa kunifichia mimi, na wazee wake hawajui hata kwa nini mtoto wao alirudi nyumbani amefungwa bandeji. Ukimgusa, damu hiyo nayo itakuwa juu yangu, nami sina tena mahali pa kuiweka. Kama huwezi kuliacha hilo panga, basi lipite Mbololo bila kusimama, lije huku kwetu moja kwa moja. Aliyekuwa nguoni mwenu ni mimi.

Nimalizie kwa salamu. Mama hajajua bado, nitamwambia nikishagundisha bahasha hii, kwa hiyo ukisikia presha imempanda zaidi usiulize. Susan na wadogo zake wako kwetu na wanakusalimu sana. Wanakula vizuri, ila Susan hataki mtu amenye muhogo mbele yake, tunapika viazi. Elsie anakusalimu. Ameniagiza nikuambie kwamba mkono uliobaki unatosha kukushika shati, kwa hiyo uje kumwona, na wa kwako uwe mtupu.

Jumamosi, polisi wakiniachilia, utanikuta nyumbani. Mlango sitaufunga kwa ufunguo.

Ni mimi dada yako mdogo,
Rachel Wakesho.