Jina Langu Peke Yake

Epifania,

Sikusalimii. Jumapili wanao walikuja dukani kwangu, Deogratias na Felista, wamevaa nguo za kanisani, mkononi wameshika jani la isale. Nilijua kabla hawajafungua mdomo. Nimezaliwa Moshi hii hii, nimeona jani hilo likipelekwa kwa watu waliokuwa hawasalimiani miaka, nao wakalipokea huku wameuma meno, kwa sababu Mchagga akiletewa isale hakatai msamaha. Lakini mimi si Mchagga, na wewe ulijua. Mama yangu Mpare, baba mtu wa Tanga. Kwetu ukimkosea mtu unamfuata kwa miguu yako mwenyewe, unamtazama usoni, unasema nimekukosea, niwie radhi.

Deogratias aliliweka jani juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa nilichokwisha kupiga chaki. "Shikamoo mama mdogo. Mama alituagiza kule hospitali, siku mbili kabla hajafa, tukuletee hili. Hakusema kisa." Felista akauliza taratibu, "Alikukosea nini?"

Ebo! Epifania! Hakusema kisa? Yaani hata kufa umekufa kiranja mkuu: wewe unaagiza, wengine wanahangaika. Umewatuma watoto hawajui wanaomba radhi ya kitu gani, ukaniachia mimi niseme. Nikisema, mimi ndiye mwanamke wa mjini anayemchafua marehemu hata matanga hayajapoa. Nikinyamaza, umeponea tena, safari hii moja kwa moja. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Kwenye mazishi yako huko Kirua nilijizuia, sijui kwa nguvu za nani. Mtu aliposoma wasifu wako pale kihambani, chini ya migomba yenu, "tangu shuleni alikuwa kiongozi shupavu, mpenda haki," nilichomoka nikajifanya nakwenda kuwasaidia wapishi. Nilimenya ndizi za watu karibu sufuria nzima. Haki! Wewe!

Basi nikawaambia wanao. Nikawaambia kule bwenini Old Moshi tulilala vitanda viwili vinavyogusana, kidato cha kwanza mpaka cha tatu. Kwamba alfajiri kwenye mchakamchaka mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo, na wasichana wote wanaitikia mpaka migomba inatikisika, wewe uko mbele na filimbi yako. Kwamba kwenye mdahalo wa Ijumaa hakuna aliyetuweza tukikaa upande mmoja. Kwamba mwezi wa Ramadhani ulinifichia uji wa kufuturu chini ya kitanda na kuufunika kwa daftari, na ukigombana na kiranja wa jikoni kwa ajili yangu unamtolea macho mpaka anakimbia. Hayo niliyasema haraka haraka, maana yananiudhi kuliko mengine.

Halafu nikawaambia ya maharage. Wiki ya tatu yanakuja na wadudu wanaelea juu, na mkuu wa shule anasema tunadeka. Siku ile bwaloni nani alishika kijiko akaanza kugonga sahani? Nani alisimama juu ya benchi akasema "Hatuli!"? Wewe, Epifania, kiranja mkuu na tai yako. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kukaa. Nikafuata, nisiseme uongo, niligonga yangu mpaka ikabonyea. Wasichana wote waligonga. Lakini wa kwanza ulikuwa wewe.

Jioni mkuu akakuita ofisini, akakupa karatasi uandike majina ya walioanzisha. Kesho yake mstarini akaisoma. Nilidhani atasoma ishirini. Akasoma moja. "Zuhura." Na hakuna aliyeshangaa! Nani asiyeijua sauti ya Zuhura wa mchakamchaka? Ulichagua vizuri, ulimchagua yule ambaye kila mtu angemwamini kuwa ndiye. Nilikutazama. Ulikuwa unatazama bendera.

Baba alikuja kunichukua na basi la mchana. Hakunipiga, hakuniuliza. Njiani alisema neno moja tu, kwamba kwa shangazi kuna cherehani ya miguu. Nilijaribu kumweleza mara mbili, mara tatu, akawa anainua mkono wake hivi, basi mwanangu, yamekwisha. Baba yangu amekufa akiamini mwanawe alifukuzwa kwa ukorofi. Hilo ndilo lisilotoka, Epi. Shule ningeisahau. Nisingekuwa mwalimu kama nilivyotaka, ningekuwa kitu kingine, na nimekuwa, kuna wanawake mjini hapa hawavai nguo isiyopita mkononi mwangu. Lakini uso wa baba yangu ndani ya basi lile, nani atanirudishia niuoshe?

Na wewe ukawa mwalimu. Ukawa mkuu wa shule! Kila Januari unanishushia vitambaa nishone sare za wasichana wako, unaniita "pacha," unakaa hapo mlangoni unakunywa chai yangu ya tangawizi na kusengenya walimu wako. Nami nashona. Kila rinda nililolikunja nilikuwa nasema moyoni, leo atasema. Mwaka huu atasema.

Deogratias alikasirika. Alisema mama yao asingeweza kufanya vile, labda nimesahau, ni zamani. Nikamwambia mwanangu, mtu hasahau siku jina lake liliposomwa. Felista yeye alikuwa analia tu, bila sauti, kama wewe ulivyokuwa unalia. Ndipo akauliza, "Na maisha yote hayo mama hakuwahi kukuomba radhi?"

"Hata siku moja," nikasema. "Hata nusu ya neno."

Nikawaambia waondoke na jani lao. Mwenyezi Mungu anasamehe yaliyo yake, lakini haki ya mja mpaka mja mwenyewe atamke, na mimi sikutamka. Waliondoka. Nilifunga duka nikiwa nimesimama wima, nimeshinda.

Sasa ni Alhamisi, na tangu siku ile sijakata kitambaa kikakaa sawa. Nimeharibu gauni la bibi harusi wa watu. Nimekaa nikuandikie kwa sababu hakuna mwingine anayejua kwamba niliwadanganya watoto wako.

Ulikuja mwaka jana, baada ya mvua za masika. Umekonda, gauni la bluu linakuning'inia, unataka nilipunguze. Hukukaa mlangoni siku ile. Uliingia mpaka ndani, ukavuta pazia, ukasema, "Zuhura, ile siku ya sahani..." Nami nilikuwa na futi ya kupimia shingoni. Nikasema, "Nyoosha mikono." Ukanyoosha. Ukasema tena, "Pacha, nisikilize." Nikasema, "Usiongee, vipimo vitakosea." Nikakupima kifua, nikakupima kiuno, nikakupima mabega mara mbili bila sababu, naongea juu ya zipu, juu ya bitana, juu ya bei ya vifungo, naongea bila kumeza mate. Mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa kuchoka, na mimi sikukuambia uishushe. Mpaka ukanyamaza. Uliposhusha mikono ulikuwa unatazama ukuta, ukasema, "Haya. Alhamisi nitatuma mtu alichukue."

Nilijua ulichotaka kusema. Nilikingoja maisha yangu yote, na kilipofika mlangoni nikaona, nikimpa huyu nafasi aseme, nitabaki na nini? Nilikuwa nimeizoea hasira yangu. Nilikuwa naamka nayo. Nikaona kheri ufe na hatia yako shingoni kuliko uitue mbele yangu, ukaniacha mikono mitupu. Huo ndio ukweli, na unaniuma kuliko jina langu mstarini.

Kwa hiyo usifurahi huko uliko. Ulinikosea, na ulikuwa mwoga, na baba yangu humrudishi. Nakuchukia kwa hilo mpaka leo, na jioni nikichemsha tangawizi natoa vikombe viwili kama mjinga.

Nakuahidi hivi. Jumamosi napanda Kirua. Nitawaita wanao wote wawili, na huyo Deogratias mbishi akae mbele, niwaambie mama yao alikuja, alivuta pazia, alianza kusema, na aliyemfunga mdomo ni mimi. Wakitaka kunipa jani lao baada ya hapo, wanipe. Wakininyima, watakuwa na haki.

Kwaheri, Epi. Shusha mikono.

Zuhura