Swali la Nne

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza! Karatasi arobaini na nane za mtihani wa kuchuja wanafunzi wa darasa la sayansi. Nafasi ni thelathini tu, na binti yangu ameshika ya thelathini, alama sitini na moja. Amepenya kwenye tundu la sindano, lakini amepenya.

Na swali la nne! Milinganyo miwili: 2x + 3y = 16, halafu 2x − y = 8. Tafuta x na y. Jibu: x = 2, y = 4. Darasa zima wamelikosa isipokuwa yeye. Yeye peke yake! Kule ofisini nilijifanya nashangaa, nikaipitisha karatasi yake meza kwa meza. Mwalimu wa fizikia akasema basi nianze kutafuta kazi nyingine, mrithi keshapatikana. Nikacheka mpaka nikamwaga chai.

Jambo moja limenikera. Wanafunzi kumi na mmoja wameandika jibu lile lile: x = 5, y = 2. Kumi na mmoja! Hiyo si bahati, huko ni kuibiana. Nimewapa sufuri wote kwa swali hilo. Kesho watanitambua.

Jumanne, 10 Juni

Wamenitambua. Niliwasimamisha wote kumi na mmoja, nikauliza nani alimwibia nani. Kisha mmoja akanyoosha mkono – yule msichana wanayemwita Taratibu, kwa sababu siku zote ndiye wa mwisho kukabidhi karatasi. Ana alama hamsini na saba, wa thelathini na moja, nyuma ya binti yangu tu. Akasema polepole, "Samahani mwalimu, tunaomba tuhakikishe."

Darasa likaangua kicheko. Maana mimi ndiye Mwalimu Hakikisha! Ndilo jina walilonibandika. Miaka kumi na minane naimba wimbo huo huo: ukishapata x na y, rudisha kwenye mlinganyo wa kwanza, rudisha na kwenye wa pili, hakikisha. Nikaona ananikejeli kwa maneno yangu mwenyewe. Nikamwambia akajihakikishie nje. Akasimama barazani kipindi kizima, daftari kifuani. Binti yangu alikuwa ameinamia dawati lake. Nilidhani anawaonea wenzake haya.

Nimepeleka majina kwa Mkuu. Kasema Ijumaa asubuhi, mstarini, wote kumi na mmoja wataomba radhi mbele ya shule nzima. Nikasema hapo sawa kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Laiti ardhi ingepasuka.

Saa nne, wenzangu wakinywa chai, nilikaa niandae masahihisho ya kuwaandikia ubaoni. Swali la nne. Unatoa mlinganyo wa pili kwenye wa kwanza, x zinaondoka. 3y kutoa hasi y... nne. 4y! Si 2y. Kutoa hasi ni kujumlisha – kitu ninachomfokea mtoto wa kidato cha kwanza! 4y = 8, y = 2. Na x = 5.

Nikachukua mwongozo wangu wa kusahihishia. Pale pale, kwa mwandiko wangu mzuri: 2y = 8, y = 4, x = 2. Chini yake alama ya vema, kwamba nimehakikisha. Nimehakikisha nini? Mlinganyo wa kwanza: 4 na 12, 16, sawa. Nikaridhika, nikafunga kalamu. Wa pili sikuugusa. 4 kutoa 4 ni sufuri, si nane! Sufuri!

Kumi na mmoja hawakuibiana. Walipatia tu.

Nikaingia darasani na chaki mkononi. Nikasema swali la nne tutalifanya wiki ijayo, muda hautoshi. Muda! Kulikuwa na dakika thelathini na tano. Taratibu aliniangalia mara moja tu, kisha akafunua ukurasa wa swali la tano kama nilivyosema.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia mwalimu wa fizikia. Nilitaka anicheke, hakucheka. Alifanya hesabu kwenye kiganja chake, akasema hakuna mwalimu asiyekosea, niende kwa Mkuu leo leo. Taratibu anaongezewa alama sita za swali hilo, sitini na tatu, anaingia, na binti yangu anatoka. Wale wengine haiwabadilishii nafasi, ila jina lao litasafishwa. Nikasema ndiyo, naenda. Kisha akauliza kwa upole: sasa mwanao alilipataje kosa lako?

Nikamjibu kwa hasira kwamba nimemfundisha mimi, basi amerithi na makosa yangu. Akasema pengine. Ile "pengine" imenichoma hadi sasa.

Nikaitoa karatasi ya binti yangu. Safari hii nikasoma hatua zake. (Huwa naanza na jibu la mwisho, likiwa sawa sipotezi wino.) Ameandika vizuri kabisa: 4y = 8. Mstari unaofuata: y = 4. Na mimi nimeweka vema, kubwa, nyekundu, juu ya upuuzi huo.

Jioni, kabla ya chakula, nilimkalisha mezani. Mama yake alikuwa jikoni. Nikamwandikia swali, nikamwambia fanya. Alifanya bila kuinua kalamu. Tano na mbili. Hata nusu dakika haikufika.

Nikaiweka karatasi yake ya mtihani kando ya jibu hilo. Akaanza yeye kulia. Jumapili ile kabla ya mtihani alikuwa akisafisha meza, mwongozo wangu ulikuwa chini ya gazeti. Anasema aliona swali moja tu, akaufunika. Anasema kwenye mtihani alipata tano na mbili, akakumbuka aliyoyaona, akafuta. "Nikajua nimekosea mimi. Baba, hukosei."

Baba, hukosei! Bora angenitukana.

Nilitaka kumgombeza. Nimgombeze kwa lipi? Karatasi niliiacha mimi. Mama yake akaja na sahani, akauliza kuna nini, nikasema hesabu zimemshinda kidogo. Mtoto akaniangalia. Mbele yake nimedanganya, tena nikamsingizia yeye! Akaacha chakula, akaingia chumbani.

Kesho saa moja nitakuwa mlangoni kwa Mkuu. Nitasema yote.

Ijumaa, 13 Juni

Sikusema.

Nilifika saa moja kasoro. Mkuu akanikaribisha kwa mikono miwili, akanipa hongera ya binti yangu. Kasema walimu wangekuwa wote makini kama mimi, shule ingekuwa mbali. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu njia nzima. "Mkuu, mwongozo wangu una kosa." Maneno matano! Kwenye ulimi yakageuka kuwa "Nimeleta orodha." Nikaiweka mezani. Ile ile ya zamani: binti yangu wa thelathini, Taratibu nje. Nikashukuru nikatoka, nikasingizia kichwa kinauma ili nisiende mstarini.

Sasa niko ofisini peke yangu, naandika. Kumbe dirisha hili linaona uwanja wote. Shule nzima imejipanga. Mkuu anazungumzia uaminifu. Nasikia kila neno, spika yenyewe iko ukutani juu ya kichwa changu.

Amewaita mbele. Wanatoka kwenye mistari mmoja mmoja. Taratibu ndiye wa mwisho, kama kawaida yake, sweta amelifunga kiunoni. Hakuna anayelia. Wamesimama wameikabili shule.

Kuna mwingine anatoka. Anatembea haraka, anajipenyeza kando ya Taratibu. Nimehesabu kumi na wawili. Nimerudia. Kumi na wawili.

Ni binti yangu.

Mkuu amesita. Anaangalia karatasi yake ya majina, anamwambia kitu pembeni ya kipaza sauti, pengine arudi mahali pake. Mtoto anatikisa kichwa. Mkuu anamsogezea kipaza sauti. Anainua uso – haangalii wenzake, anaangalia huku, dirishani. Nasikia anavuta pumzi, hapa juu ya kichwa changu –