Mvua ya Karani wa Ilongero

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku tu wazima. Bibi yako anapura alizeti, anakusalimu.

Umeandika kwamba huko maabara mnamulika oksidi mbili, jamaa za kutu, kwa mwanga wa haraka kuliko kupepesa jicho, ili umeme upite zinapogusana. Sasa umegundua kwamba katika vipimo vya siku moja, umeme ulipitishwa na joto tu, si mwanga, nawe unaogopa kumwambia mwalimu wako.

Nilipokuwa karani kijana wa bwana shamba hapa Ilongero, kila asubuhi nilipima mvua. Siku moja nilikuta uwanja umelowa na kipimo kina maji, nikaandika mvua. Mzee mmoja akacheka dirishani: "Karani, mvua yako ilinyesha wapi? Mtama wangu haukualikwa!" Kumbe mfagiaji alimwagia uwanja maji kutuliza vumbi.

Siku mbili sikulala, nikihofia kufukuzwa. Hatimaye nikampelekea bwana shamba daftari, nikamweleza. Akaukata ule mstari kwa wino mwekundu, akasema, "Sasa kurasa nyingine zote naziamini."

Mpelekee mwalimu daftari lako. Hata ukiogopa, mpelekee hivyo hivyo.

Babu yako