Maji ya Kijani

Alhamisi, 16 Mei
Nimetoka bwawani, mgongo unauma. Yale maji ya kijani nimeyatoa, nimeingiza ya mtoni. Sasa naona samaki hadi chini. Ziwa limefungwa ili samaki wazae, na Neema wangu anaolewa tarehe moja Juni. Bakwe, wazazi wa bwana harusi, ni wavuvi wa Makobola. Nimewaahidi tilapia, tena mbele ya mchungaji. Siwezi kuwaonyesha maji machafu.

Ijumaa, 24 Mei
Nina hofu. Tilapia wamekonda, vichwa vikubwa, mikia myembamba. Wanazunguka tu. Mama Furaha, jirani mwenye bwawa chini ya letu, kachungulia, akacheka hadi akashika kiuno. "Weye mama, umemwaga chakula! Ile kijani ndiyo unga wao. Jua ndilo linaipika." Sikucheka. Ni kweli. Jua linalisha ile kijani, kijani inalisha samaki, samaki anatulisha sisi. Mimi, minye mwenyewe, nimeukata mnyororo huo pale chini kabisa, kwa kupenda usafi.

Jumamosi, 25 Mei
Nimemwaga mavi ya ng'ombe, beseni juu ya beseni. Mama Furaha alisema kidogo kidogo. Kidogo kitafika lini? Ee Mungu, harakisha.

Jumatano, 29 Mei
Maji yamerudi kijani, mazito. Lakini mawingu. Jana mawingu, leo mawingu. Siipendi hii.

Alhamisi, 30 Mei
Alfajiri samaki wote juu, midomo wazi, wanatafuta pumzi. Nimepiga kelele. Mama Furaha amekuja mbio, kitenge kinadondoka. Anasema bila jua ile kijani haiwapi hewa, na mavi yakioza yanaimaliza iliyobaki. Tumefungulia maji ya mto. Baba Neema anayapiga kwa beseni yaruke. Minye napiga, naomba kwa sauti. Wengi wamegeuza tumbo. Wengi. Nimewaokota nikilia. Waliobaki wameshuka chini jua lilipochomoza kidogo.

Aibu inanila. Nimemtuma Baba Neema Makobola aseme ukweli. Jibu la baba wa bwana harusi: "Mukwe wangu ameshindwa na shimo la samaki, sisi tumeshindwa na ziwa zima. Apike maharagi, tunakuja."

Jumapili, 2 Juni
Jana kwenye harusi bakwe walikula maharagi na sombe ya majani ya muhogo, na tilapia kipande kipande. Mukwe, baba wa bwana harusi, alinyonya kichwa cha samaki hadi mfupa. Neema ameenda nao Makobola. Baada ya ibada nimeizika mifupa ya samaki kwenye mboga zangu za lengalenga. Zitakula, nasi tutazila. Nimenawa mikono, nimekaa mlangoni. Jikoni kimya.